Kifaru wa Kreta na Kifaru cha Chuma



Katibu aliponiandikia alitaka nichague jambo litakalowafaa wanafunzi na lisiwalaze wakubwa baada ya pilau. Nimefikiri sana, na nimeona nizungumzie jinsi magari ya vita yanavyofichwa yasionekane, hasa yasionekane na vyombo vinavyoona joto.

Najua baadhi yenu mnanong'ona: huyu ni mtu wa faili na mihuri, vita vinamhusu nini? Mimi si mwanajeshi, wala sina siri ya kuvujisha. Nitakayoyasema yako wazi vitabuni. Lakini jambo lenyewe limetufikia hapa nyumbani. Kiswahili kimempa mnyama na gari la vita jina moja: kifaru. Sisi wa Karatu tunaishi jirani na kifaru wa kwanza, aliye chini ya kreta ya Ngorongoro. Sayansi inayotumika kukificha kile cha chuma ndiyo hiyo hiyo inayotumika kumlinda huyu wa nyama, na ikiangukia mikono mibaya, kumwua. Ndiyo sababu nimeona yafaa tuielewe.

Kulidanganya jicho

Tuanze na zamani. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilivamia bandari ya Unguja na kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus. Kisha ikakimbilia kwenye vijito vya delta ya Rufiji na kujificha humo kati ya mikoko. Ilikuwa na urefu wa mita 115, zaidi ya kiwanja cha mpira. Mabaharia wake waliifunika kwa matawi mpaka kwenye milingoti. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba mwaka huo, lakini iliwachukua mpaka tarehe 11 Julai 1915 kuimaliza, tena kwa msaada wa ndege zilizoruka juu yake na kuwaelekeza wapiga mizinga mahali pa kulenga.

Hapo tayari mnaona mvutano wenyewe. Anayejificha hutumia kilicho karibu naye, na anayetafuta hupanda juu zaidi apate kuona vizuri. Mvutano huo haujakoma hadi leo.

Katika vita hiyo hiyo wanamaji wa Uingereza walitambua kwamba meli baharini haifichiki. Mwaka 1917 mchoraji Norman Wilkinson alipendekeza zipakwe mistari mikubwa iliyokatana ovyo, ili nahodha wa nyambizi ashindwe kukadiria meli inaelekea wapi na kwa mwendo gani. Huko si kujificha, ni kumchanganya adui.

Sisi hapa, tukisikia habari ya mistari, tunamkumbuka punda milia. Wengi tulifundishwa kwamba milia humficha asionwe na simba. Wataalamu wamelichunguza jambo hilo. Mwaka 2016 Amanda Melin, Tim Caro na wenzao walitumia picha zilizopigwa nchini mwetu, wakazipima kwa kadiri ya uwezo wa macho ya simba na fisi. Waliona kwamba mchana, ikipita mita 50 hivi, simba hawezi tena kuitofautisha milia, na wakati wa magharibi ni mita 30 tu. Umbali ambao milia ingemfaa, simba haioni. Umbali ambao simba anaiona, amekwisha kufika. Ushahidi mzito zaidi, kuanzia uchunguzi wa mwaka 2014, ni kwamba milia huwachanganya mbung'o na nzi wengine wanaouma, wakashindwa kutua vizuri.

Milia hiyo imewahi hata kuruka angani kwetu. Ndege ndogo aina ya Dornier waliyoitumia Profesa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuhesabu wanyama wa Serengeti na Ngorongoro ilipakwa rangi ya punda milia. Haikusudiwa kujificha, bali ionekane. Tarehe 10 Januari 1959 iligongana na tai, ikaanguka, na Michael akafa. Alizikwa ukingoni mwa kreta, na mnara wake upo hadi leo kando ya barabara. Kila mwanafunzi anayepita pale auangalie.

Jicho lionalo joto

Sasa tuje kwenye kiini. Mwaka 1800 William Herschel aliupitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo, ukatawanyika kwa rangi za upinde wa mvua. Akaweka vipimajoto kwenye kila rangi, na kimoja akakiweka nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali pasipo na mwanga wowote. Hicho kilipanda kuliko vingine. Hapo ndipo dunia ilipojua kuwa kuna miale isiyoonekana, tuiitayo infraredi.

Kila kitu chenye joto hutoa miale hiyo: wewe, kiti chako, jiwe, ng'ombe, injini. Vijana wa kidato cha juu, chukueni kanuni ya Stefan na Boltzmann, isemayo kwamba miale huongezeka kwa kipeo cha nne cha halijoto katika kelvini. Ngozi ya mtu ina nyuzi 35 hivi, yaani kelvini 308. Usiku wa baridi ukingoni mwa kreta tuseme majani yana nyuzi 10, yaani kelvini 283. Fanyeni hesabu. Ngozi hutoa wati 510 hivi kwa kila mita ya mraba, na majani hutoa wati 364. Mtu huyo anang'aa kuliko kichaka kwa asilimia 40! Jicho letu halioni, kwa sababu miale hiyo ina urefu wa mawimbi wa mikroni 9 au 10, na jicho huishia kwenye mikroni 0.7 hivi. Kamera ya joto inaona.

Fikirini sasa kuhusu kifaru cha chuma. Unaweza kukipaka rangi ya majani na kukifunika matawi, lakini injini inachemka, bomba la moshi linawaka, na minyororo ya magurudumu imepata moto kwa msuguano. Hata kikiondoka, ardhi husema. Mahali kilipoegeshwa mchana kutwa, udongo uliokuwa kivulini ni baridi kuliko udongo wa pembeni, na kamera itaonyesha umbo la gari ambalo halipo tena.

Tena kuna vumbi. Sisi tulioishi hapa kabla ya lami kufika tulikuwa tukijua kwamba basi linakuja kwa kuona vumbi jekundu likipanda, wala hatukuhitaji kuliona basi. Dereva wa jeshi asiyejali vumbi hafichwi na rangi yoyote.

Katika vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, wazazi wetu wanakumbuka, hata malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kupeleka askari na vifaa mbele. Siku zile jicho la binadamu ndilo lililokuwa likitafuta, na lilikosea sana. Mwezi Machi 1979 ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Idi Amin ilikusudia kupiga Mwanza, mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua swala waliokuwa wakifugwa huko. Leo mambo yamegeuka. Katika vita ya Ukraine iliyoanza kwa ukubwa wake mwaka 2022, ndege ndogo zisizo na rubani zenye kamera za joto huzunguka usiku, na gari lililoegeshwa vibaya halifiki asubuhi.

Mavazi yanayobadilika

Mafundi wamejibuje? Njia ya kwanza ni kuzuia joto lisitoke: kulizungusha bomba la moshi na kuchanganya moshi na hewa baridi, na kuweka vizuizi kati ya injini na bati la nje. Njia ya pili ni kulivika gari wavu maalumu uliotengenezwa kwa tabaka, ambao huonekana kama majani kwa jicho na kwa kamera pia.

Njia ya tatu ndiyo ya ajabu. Mwaka 2011 kampuni ya BAE Systems ilionyesha mfumo uliotengenezwa Sweden na kuitwa Adaptiv. Gari la deraya la CV90 lilivishwa vigae vya pembesita, vikubwa kiasi cha kiganja. Kila kigae kinaweza kupashwa joto au kupozwa haraka kwa umeme. Kamera za gari lenyewe huangalia mandhari ya nyuma yake, kisha vigae huiga joto la mandhari hiyo. Kwa kamera ya adui, gari linapotea. Au vigae huchora umbo la gari dogo la kawaida, na adui anadhani ni mtu anayekwenda sokoni.

Siri ya vigae hivyo si mpya. Mwaka 1834 Mfaransa Jean Peltier aliona kwamba umeme ukipita kwenye kiungo cha metali mbili tofauti, upande mmoja hupoa na mwingine hupata joto. Wazo hilo lilikaa vitabuni miaka mingi kabla ya kuvishwa deraya. Vijana, msidharau vitabu vya zamani.

Mtasema, huyo ni kinyonga. Ndiyo, lakini kinyonga mwenyewe ni mtaalamu kuliko tulivyomdhania. Mwaka 2015 watafiti wa Geneva walionyesha kwamba chini ya ngozi yake kuna fuwele ndogo sana. Akizisogeza mbalimbali au karibukaribu, rangi inayorudishwa hubadilika. Chini yake kuna tabaka la pili la fuwele kubwa zaidi linalorudisha sehemu ya miale ya infraredi ya jua. Yaani Mungu alikwisha mpa kinyonga tabaka mbili, moja ya jicho na moja ya joto.

Lakini lazima niwaambie na udhaifu wake. Nishati haipotei. Ukilipoza bati la nje, joto lile umelisukuma ndani, na siku moja litatoka. Vigae vinataka umeme, umeme unataka injini, na injini inatoa joto. Hakuna vazi la kupotea kabisa. Kuna kuchelewesha kuonekana kwa dakika chache, na vitani dakika chache ni uhai.

Nyumba za wazee wetu

Kabla hatujashangaa ya Sweden, tutazame vilima vyetu. Wazee wa Kiiraqw, huku na kule Mbulu, walijenga nyumba zilizochimbwa ndani ya mteremko, zikaezekwa kwa miti na kufunikwa udongo. Nyasi ziliota juu yake. Aliyesimama mbali aliona kilima tu. Walifanya hivyo kujikinga na wavamizi waliotafuta mifugo.

Kwa sayansi ya leo, nyumba hiyo ina sifa mbili. Kwanza, paa lake lina rangi ya kilima kwa sababu ni kilima. Pili, udongo ni mzito wa kupata joto na mzito wa kulitoa. Joto la ndani hupita polepole sana, kwa hiyo paa huonekana na joto lile lile la nyasi za jirani. Mzee aliyechimba hakuisoma fizikia ya Boltzmann, lakini alikijua alichokuwa akikifanya. Ipo nyumba ya namna hiyo ya maonyesho hapa Karatu. Walimu wa fizikia na wa historia wangeweza kuwapeleka wanafunzi pamoja siku moja, kila mmoja akafundisha somo lake.

Kifaru wetu

Sasa nirudi kwa kifaru wa nyama, kwani ndiye aliyenifanya nichague habari hii. Katikati ya miaka ya 1960 watafiti waliwatambua vifaru 108 ndani ya kreta ya Ngorongoro. Mimi nilipokuwa mwanafunzi hapa, miaka ya 1990, walikuwa wamepungua hata kuwa chini ya 20. Pembe ndiyo iliyowamaliza. Wote mnamkumbuka Fausta, aliyeonekana mara ya kwanza mwaka 1965 akiwa mtoto, akaishi mpaka tarehe 27 Desemba 2019, akiwa na miaka 57. Aliiona shule yetu ikitoa wahitimu makundi kwa makundi, naye yupo tu.

Kifaru hana vigae. Hawezi kupoza ngozi yake isipokuwa kwa kujigaragaza matopeni. Macho yake ni dhaifu. Mlinzi wake ni yule ndege tunayemwita askari wa kifaru. Watafiti waliofanya kazi Afrika Kusini walitangaza mwaka 2020 kwamba vifaru wasio na ndege hao walimtambua mtu anayewanyatia kwa asilimia 23 tu ya majaribio, lakini waliokuwa nao walimtambua kila mara. Waliomwita askari walimchunguza vema.

Usiku, kwa kamera ya joto, kifaru ni taa inayotembea. Jangili naye pia ni taa. Anayekuwa na kamera kwanza ndiye mshindi. Ng'ambo ya mpaka, huko Maasai Mara, shirika la WWF lilieleza mwaka 2016 kwamba kamera hizo zilisaidia kukamata majangili zaidi ya 20 katika miezi michache. Mwaka huo huo, tarehe 29 Januari, katika Pori la Akiba la Maswa lililo jirani zetu, rubani Roger Gower alikuwa akiwatafuta majangili wa tembo kwa helikopta. Walijificha chini, wakampiga risasi, akafa. Yeye alikuwa wazi angani, wao walikuwa kichakani. Ndugu zangu, tunapozungumzia nani anaonekana na nani haonekani, tunazungumzia uhai wa watu, wakiwamo vijana wa wilaya hii walioajiriwa kuwa askari wa wanyamapori.

Ombi langu

Hapa nawaeleza jambo la kazini. Miaka michache iliyopita niliwekwa kwenye kamati ya kupima vifaa vya aina hiyo kabla ya kununuliwa kwa fedha za umma. Muuzaji mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, alikuja na kamera nzuri na maneno mengi. Alisema inaona mtu aliye ndani ya nyumba ya tofali, inaona kupitia dirisha lililofungwa, na ukungu si kitu kwake. Wenzangu walianza kutikisa vichwa kwa kukubali. Nilimwomba fundi alete kipande cha kioo cha dirisha. Tukamsimamisha kijana mbele ya kamera, akaonekana anang'aa. Tukaweka kioo kati yao, kijana akatoweka! Kwenye skrini tukabaki kujiona sisi wenyewe, joto letu likirudishwa na kioo.

Haikuwa miujiza. Kioo cha kawaida hakipitishi miale ya mikroni 10, na ndiyo maana lenzi za kamera hizo hutengenezwa kwa jemaniamu, nazo ni ghali. Tofali halipitishi kabisa. Na ukungu mzito kama ule unaofunika njia ya Lodoare asubuhi hupunguza sana umbali wa kuona, kwa kuwa matone yake yana ukubwa unaokaribiana na mawimbi yenyewe. Kamera yenyewe haikuwa mbaya. Ila angepewa askari kwa ahadi zile, angeingia kwenye ukungu akiamini analindwa. Zabuni ilirudishwa, ikaandikwa upya kwa masharti ya majaribio mbele ya mnunuzi.

Elimu iliyookoa fedha zile, na pengine maisha, si ya chuo kikuu. Ni ya sekondari. Ni ya chumba kile pale, chenye mabomba yasiyotoa maji.

Kwa hiyo nina maombi matatu.

Kwanza kwenu wanafunzi. Jioni ya leo nendeni jikoni. Chukueni sufuria mbili za alumini za ukubwa mmoja, moja iliyong'arishwa kwa mchanga, nyingine yenye masizi. Zijazeni maji ya moto kwa kiasi sawa. Sogezeni kiganja pembeni ya kila moja bila kugusa. Yenye masizi itawachoma zaidi, ingawa maji ni yale yale. Mkielewa kwa nini, mmekwisha kuelewa nusu ya hotuba hii. Wapishi mtawaomba radhi wenyewe.

Pili kwenu wahitimu wenzangu. Kila mkutano tunachanga, tunapaka rangi geti, tunapiga picha mbele yake. Geti linatosha. Mwaka huu napendekeza kila mwaka wa wahitimu uchukue jukumu la kitu kimoja cha maabara: vipimajoto, mche wa kioo, mita za umeme, bomba la maji. Mimi na wenzangu wa mwaka wetu tumekwisha kukubaliana kulitengeneza bomba, na Mwalimu wa Fizikia amekwisha kutupa vipimo.

Tatu kwetu sisi watumishi wa umma. Kifaru cha chuma kinaruhusiwa kujificha, kwa kuwa kinapigwa. Kinyonga anaruhusiwa kubadilika, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa. Mtumishi wa umma haruhusiwi lolote kati ya hayo mawili. Vitabu vyetu vya hesabu, zabuni zetu na maamuzi yetu havina budi kuonekana mchana na usiku. Wanyonge wanatulipa mshahara ili watuone.

Ndugu Mwenyekiti, muda niliopewa umekwisha, na Katibu ananitazama kwa jicho ambalo halihitaji kamera kulitambua joto lake. Nawatakia walimu afya njema, wanafunzi mitihani myema, na wahitimu safari salama.